Shamba la Kuazima Halipandwi Mti

Vijiji vingi vyetu vina sharti ambalo halijaandikwa popote: aliyeazimwa shamba alime karanga, kunde, mtama au viazi, lakini miti asipande. Mti ni alama ya umiliki. Anayepanda mwembe leo, kesho watoto wake watasema shamba ni la kwao, na wazee wa kijiji wataona wana hoja. Mwenye shamba analijua hilo, ndiyo maana anakataza mapema.

Sharti hili huwabana wanawake zaidi, kwa kuwa wengi wao hulima ardhi ya mtu mwingine: ya mume, ya baba mkwe, ya kaka, ya ukoo. Nazo mvua zimekuwa hazitabiriki, na karibu kila anachoshauri bwana shamba ili kukabiliana nazo kinataka miaka. Samadi inayomwagwa msimu huu hurutubisha udongo misimu kadhaa mbele. Matuta ya kukinga maji huchimbwa kiangazi, kisha hukarabatiwa mwaka baada ya mwaka. Miti ya malisho na kivuli ndiyo hasa inayochelewa. Mama atamwaga jasho lote hilo kwa ajili ya nani, ikiwa shamba likishanawiri shemeji atakuja kulidai? Wako wanaosema wanawake wa vijijini ni wagumu kupokea mbinu mpya. Wanawaonea. Mwanamke anayekataa kujenga tuta kwenye shamba analoweza kunyang'anywa amepiga hesabu sawasawa.

Tazama mkoa wa Shinyanga hapa Tanzania. Misitu yake ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba na chakula, huku mifugo ikiongezeka. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kazi yake kubwa ikawa kufufua ngitili, utaratibu wa kale wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi zije kuwafaa ng'ombe kiangazi. Miti ikarudi. Kuni, dawa, asali na nyasi za kuezekea zikapatikana karibu na nyumbani, na waliopunguziwa safari ndefu za kuni walikuwa wanawake na mabinti zao. Mkoa ulioonekana kuelekea jangwa ulionyesha kwamba ardhi hupona ikipewa muda na mwenyewe wa kuilinda. Lakini ngitili ya familia huhesabiwa kuwa ya mwenye mji. Akifariki, mjane aliyeilinda dhidi ya moto na mifugo ya jirani anabaki na nini?

Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilijibu waziwazi. Katika urithi, mabinti waliwekwa daraja la tatu, la mwisho. Ardhi ya ukoo waliruhusiwa kuitumia, si kuiuza. Mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake.

Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na kuliuza. Mpwa wake alipinga mauzo hayo. Jaji akasema mila inayomzuia mwanamke kuuza pale mwanamume anaporuhusiwa ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba. Kisha wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa nyumbani baada ya waume zao kufa, walizipinga kanuni za 1963 zenyewe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Ikabidi waende hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake. Ni safari ndefu mno kwa mtu anayetaka tu kubaki na paa lake.

Na hapo tayari tulikuwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina ya mke na mume pamoja. Umoja wa Afrika nao uliweka lengo la asilimia 30 ya ardhi yenye hati iwe mikononi mwa wanawake ifikapo 2025.

Kwa hiyo kinachokosekana si sheria nyingine. Halmashauri za vijiji zinapopokea maombi ya hati ya familia, ziulize jina la mke liko wapi kabla ya kugonga muhuri. Miradi ya mabadiliko ya tabianchi inayogawa miche ianze kwa kuuliza shamba ni la nani, na itenge fedha za kupima mashamba ya wanawake kama inavyotenga za vitalu. Na wewe baba mwenye shamba lisilo na hati, nenda ofisi ya kijiji pamoja na mkeo kabla ya mvua za msimu ujao, muandikishwe wote wawili.