Doa, Waa na Kasoro: Istilahi za Kukagua Kihisi cha Kamera

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa maelezo ya kamera za kidijitali ni jina la kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, ambacho kimechukua mahali pa filamu. Wengi huandika "sensa". Kwa matamshi neno hilo halina ubaya, ila katika Kiswahili sensa imekwisha kupewa kazi yake, nayo ni kuhesabu watu. Mtumishi wa Serikali aliyeshiriki katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, akiletewa fomu yenye maneno "hakikisha sensa haina madoa", ana haki ya kushangaa. Kwa hiyo katika makala haya twatumia neno kihisi, wingi wake vihisi, lililoundwa kwa kiambishi ki- na kitenzi hisi, na ambalo limeanza kuzoeleka. Wako wanaopinga wakisema kwamba kuhisi ni kazi ya kiumbe chenye uhai. Saa nayo haina miguu, nasi husema inakwenda.

Hata hivyo, jina la chombo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa limo katika neno "doa".

Tuliwahi kuonyeshwa fomu ya kupokelea vifaa katika ofisi moja, ambamo mkaguzi alitakiwa aandike kama kihisi cha kamera kina madoa, na kama kinayo, ayafute. Hapakuwa na maelezo zaidi. Mkaguzi mtiifu akaona vitone vyekundu na vyeupe katika picha alizopiga usiku, akachukua kitambaa, akafuta. Vitone havikuondoka. Akafuta tena kwa nguvu, na mwishowe akaacha mkwaruzo ambao hapo kwanza haukuwapo. Hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa alitenda alivyoagizwa. Aliyefasiri fomu alikuta dhana tatu mbalimbali, akazitia zote katika kapu moja.

Ili kuzitenganisha, hapana budi kwanza tuelewe jinsi kihisi kilivyojengwa. Chukua mathalan kihisi chenye ukubwa wa milimita 36 kwa 24 na nukta milioni 24, yaani 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Kila nukta, ambayo wengine huiita pikseli, ina upana wa takriban sehemu 6 za elfu za milimita, hata unywele mmoja wa binadamu waweza kufunika upana wa nukta kumi. Juu ya nukta hizo kuna vichujio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Kisha, kwa umbali kidogo, kuna kioo cha kukinga. Vumbi hutua juu ya kioo hicho wala halifiki kwenye nukta. Basi kilicho juu ya kioo ni kitu cha kigeni na chaweza kuondolewa. Kilicho ndani ya nukta ni upungufu wa kihisi chenyewe, na hakuna kitambaa kitakachoufikia.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba doa liwe jina la alama inayoletwa na vumbi au unyuzi uliotua juu ya kioo, na kasoro liwe jina la upungufu wa nukta. Neno waa, ambalo katika matumizi ya kila siku halitofautiani sana na doa, twaweza kulipa kazi mahususi: alama ya mafuta au unyevu uliokaukia kiooni, ambayo kwa kupuliza tu haiondoki.

Doa hutafutwa kwenye mwanga, nayo kasoro nyingi hutafutwa gizani. Mfasiri akishika jambo hilo moja, sehemu kubwa ya maelezo ya ukaguzi itamnyookea.

Kwa doa, mkaguzi huweka kamera kwenye wepesi mdogo wa kuhisi nuru, ISO 100, na kupunguza tundu la lenzi hadi f/16 au f/22. Tundu likiwa dogo, miale hupita kwa njia nyembamba na kivuli cha chembe ya vumbi huonekana wazi. Tundu likiwa pana, mathalan f/2.8, miale hutoka pande nyingi na kivuli hufifia hata kisionekane. Ndiyo maana mtu aweza kupiga picha za harusi mwaka mzima asione doa lolote, kisha akapiga picha ya bahari na mbingu mchana wa jua kali, akaona mbingu imejaa madoa. Lenzi hulengwa mbali kabisa, ilhali kinachopigwa ni karatasi nyeupe iliyo karibu, ili nyuzi za karatasi zisionekane. Mkono ukitikisika hapana neno. Ni afadhali hata kuisogeza kamera wakati inapopokea nuru. Kila kilicho kwenye karatasi kitapaka, bali kilicho kwenye kihisi kitabaki mahali pake, kwa sababu kinasafiri pamoja na kamera. Walimu wa fizikia waweza kulifanya jaribio hili darasani, mradi wawe na kamera ambayo tundu lake hubadilika. Kamera za simu nyingi hazina uwezo huo.

Lenzi huipindua taswira juu chini. Kwa hiyo doa lililo juu kushoto katika picha liko chini kushoto mwa kihisi, kwa mtu anayekitazama kupitia mdomo wa kamera lenzi ikiwa imeondolewa. Mfasiri akiruka sentensi hiyo, msomaji atasafisha mahali pasipo na kitu.

Kwa kasoro, lenzi hufunikwa kwa kifuniko chake, na tundu la kuchungulia hufunikwa pia, kisha picha za giza tupu hupigwa: moja ya sekunde 1, nyingine ya sekunde 30. Nukta iliyo nzima hutoa weusi. Nukta yenye kasoro huvujisha umeme ingawa haikupata nuru, na kadiri muda unavyorefuka ndivyo inavyong'aa. Joto nalo huongeza mvujo huo. Katika silikoni hukaribia kuwa maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Kamera iliyokaguliwa katika chumba chenye kiyoyozi na ile iliyoachwa juani Dodoma hazitatoa idadi moja ya vitone, na ripoti isiyotaja muda na joto haina thamani kubwa.

Nukta ya namna hii wengi huiita "nukta moto". Hatulipendi jina hilo, maana humfanya msomaji afikiri kwamba kitu kinaungua. Nukta angavu yafaa zaidi, kwa kuwa hutaja kile ambacho jicho linakiona. Ile ambayo hubaki na rangi moja katika kila picha, ya giza na ya mwanga, ni nukta iliyoganda. Ile ambayo ni nyeusi hata katika picha ya karatasi nyeupe ni nukta mfu, kama tusemavyo lugha mfu, nayo haitafutwi gizani, kwani gizani nukta zote ni nyeusi. Kamera nyingi zaweza kuagizwa zikumbuke mahali pa nukta hizo na kujaza pengo kwa kufuata nukta za jirani. Huko si kusafisha wala kutengeneza. Ni kufidia, na neno hilo litumike. Katika darubini ya anga ya Hubble, kwa upande mwingine, kwa miaka mingi imekuwa desturi kuvipasha joto vihisi mara moja kwa mwezi, na nukta angavu nyingi hupona.

Vitenzi vya kusafishia navyo vyataka uangalifu. Kiswahili kina puliza, pangusa, futa na sugua, na kila kimoja kina uzito wake. Doa hupulizwa kwa kipulizio cha mpira, mdomo wa kamera ukitazama chini. Si kwa pumzi ya kinywa, yenye mate, wala si kwa hewa ya kopo, ambayo yaweza kurusha majimaji. Betri iwe imejaa, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi pazia la kamera laweza kumwangukia mtu kifaa chake. Waa hupanguswa kwa kifaa maalumu na dawa yake, safari moja kwenda na moja kurudi. Kasoro haiguswi. Kitenzi sugua kisionekane popote katika maelezo hayo.

Fomu ile ya ofisi, kama ingeandikwa upya, ingekuwa na nafasi tatu mahali pa moja, na mkaguzi angejaza hivi: "Madoa: 2, juu kushoto katika picha, yameondoka kwa kupulizwa. Mawaa: hakuna. Kasoro: nukta angavu 5 kwa sekunde 30, ISO 100, nyuzi 28, nukta mfu 1, karibu na ukingo wa kulia."