Panda Tu Mama, Tutaelewana

Kutoka Muheza kwenda Mombasa si safari ya kutisha, wanangu. Unafika Tanga mjini, kilomita zisizozidi 40, kisha unashika njia ya Horohoro, lami ya kilomita kama 65. Mpakani unashuka, unagongewa muhuri, na ukitoka hapo uko Lunga Lunga, umeshaingia Kenya. Kiswahili utakachokisikia unakielewa, kanga ni zilezile, samaki wa kupaka anapikwa vilevile. Ndiyo maana watu wetu wengi huvuka wakijiona bado wako nyumbani, na wenye tamaa huko ng'ambo wanalijua hilo.

Nitawasimulia ya mama mmoja wa Muheza, muuza machungwa. Alikwenda Mombasa kumtazama bintiye aliyejifungua, anayekaa Kibokoni, Mji wa Kale. Likoni abiria walishuka kwenye basi kama ilivyo ada, wakaingia kwenye feri kwa miguu, bila malipo, wakapanda tena upande wa pili mpaka Mwembe Tayari. Kutoka hapo hadi Kibokoni mtu mwenye afya hutembea, na nusu saa haifiki. Mama hakujua. Tena alikuwa na begi, kapu la machungwa na furushi la vitu vya mtoto.

Dereva wa teksi alimpokea begi kwa adabu zote. "Shikamoo mama, karibu Mombasa." Mama akaitikia, akauliza nauli ni kiasi gani.

"Panda tu mama, tutaelewana."

Akapanda. Gari likapita kwenye zile pembe kubwa za Moi Avenue, likaendelea kuteremka, mara mama akaona maji. Akatazama vizuri: ni feri, ileile aliyoshuka muda si mrefu.

"Mwanangu, mbona tunarudi kivukoni?"

"Mjini kumefungwa, mama. Tunazunguka kidogo."

Wakapita kwenye mibuyu ya Mama Ngina, wakaizunguka pwani mpaka Fort Jesus, ndipo wakaingia Kibokoni. Dereva akazima gari. "Elfu mbili, mama."

Mama akashusha pumzi. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili, ile yetu yenye simba, akampa pamoja na shukrani. Dereva akaigeuza mara moja, akamrudishia. "Za Kenya, mama."

Hapa tuhesabu pamoja. Pesa zote mbili zinaitwa shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya siku hizi ni karibu shilingi 20 za Tanzania. Kwa hiyo elfu mbili yao ni kama elfu 40 yetu, yaani noti nne zenye tembo. Na begi la mama lilikuwa kwenye buti, buti imefungwa, funguo mkononi mwa dereva. Pale Mwembe Tayari, kabla hajapanda, dereva ndiye aliyemhitaji mama. Mama angekataa bei, angeita gari jingine. Sasa mama ndiye anayemhitaji dereva. Ile "tutaelewana" kazi yake ni hiyo: kuyasogeza maelewano mpaka mgeni awe hana pa kushika.

Mkwewe akasikia sauti, akatoka na kikoi chake. Hakugombana. Alimsalimia dereva, akamuuliza amemtoa mama wapi, dereva akasema Mwembe Tayari, na hapohapo elfu mbili ikageuka mia tano. Buti ikafunguka. Barabara ni ileile, petroli ni ileile, kilichobadilika ni kwamba amejitokeza mtu wa mjini, ambaye dereva atakutana naye kesho na keshokutwa. Mama wa Muheza asingemwona tena maishani, na kwa sababu hiyo tu dereva alitaka kumlipisha mara nne.

Wapo waliomcheka mama, wakasema alizubaa. Siwaungi mkono hata kidogo. Kutoijua njia ya mji wa watu si kosa. Aliyekosa ni aliyeijua njia akaipinda.

Na pwani yetu ililifahamu jambo hili zamani sana. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Aliandika kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji huenda na mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kumpa mfanyabiashara mmoja akisema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hufikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia mwenyeji asipokuwepo, watu wa mji hawakuihesabu kuwa biashara halali. Bandari yenye shughuli nyingi kiasi kile ilitaka wageni warudi tena msimu ujao.

Kwa hiyo ukisafiri, mpigie mwenyeji wako kabla hujashuka, akutajie nauli. Itaje wewe kwanza, useme ni shilingi za nchi gani, na begi ulipakate. Programu ya teksi kwenye simu nayo husaidia, maana bei unaiona kabla gari halijafika.

Lakini nyinyi wa Muheza mna zamu yenu pia. Wageni hushuka kwenye stendi yetu wakienda Amani, kuona msitu wa Usambara na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Wanashuka na mabegi yao mgongoni, hawajui bei, na pikipiki zinawazunguka kabla basi halijaondoka. Siku mmoja wao akikuuliza nauli ya kupanda Amani, mtajie ile anayolipa mama yako.