Mifarishi Miwili Inatosha

Mwaka 1933, Marekani ikiwa katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ya Sears iliitisha mashindano ya mifarishi kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Chicago. Kwa msomaji asiyeizoea, mfarishi ni tandiko linaloungwa kwa vipande vya vitambaa na kutiwa pamba katikati. Kazi zaidi ya 24,000 zilipokelewa. Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Margaret Rogers Caden wa Lexington, Kentucky, na mfarishi wake ukapelekwa kwa Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Miaka mingi baadaye, wachunguzi wa historia ya ushonaji huu waligundua kwamba mama yule hakuwa ametia mkono wake katika mshono hata mmoja. Kazi yote ilifanywa na wanawake aliowalipa ujira mdogo, ilhali masharti yalitaka kazi iwe ya mshindani mwenyewe.

Kisa hicho hunijia kila ninapoulizwa, kwa kawaida na mtu anayeinamisha macho kidogo, kama yeye ni mshonaji wa kweli au anajidanganya tu. Anayeuliza ana cherehani ya kurithi, mfuko wa mabaki ya vitenge aliyoombaomba kwa mafundi, na mfarishi mmoja aliouanza siku nyingi na bado haujaisha. Kwenye simu yake amewaona wenzake wenye makabati ya vitambaa vilivyopangwa kwa rangi, meza za kukatia, cherehani zinazotembea zenyewe kwa kompyuta, na kila mwezi kazi mpya. Anajipima kwao, anajiona si lolote.

Tuanze na kazi yenyewe, maana jibu limo humo. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa juu wa vipande vilivyoungwa, pamba au blanketi kuukuu katikati, na bitana chini. Kinachoufanya uwe mfarishi ni mshono unaopenya tabaka zote tatu na kuzishika pamoja, ili pamba isikimbilie pembeni ukishafuliwa. Maamuzi ya mshonaji ni hayo: kipande gani kikae kando ya kipi, mishono ikutane wapi, sindano ipite kwa wingi gani. Anayefanya maamuzi hayo na kuyatekeleza kwa mkono wake ni mshonaji. Idadi ya mifarishi aliyomaliza hueleza ana nafasi kiasi gani maishani, na nafasi si ufundi.

Mtazame Harriet Powers, ambaye vitabu vya historia ya mfarishi wa Marekani havikosi kumtaja. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Alikuwa mama wa watoto wengi, na baada ya uhuru akawa mkulima. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake wa visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, na mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith akaupenda pale pale. Powers akakataa kuuza. Miaka michache mbele maisha yakambana, akaupeleka mwenyewe akitaka dola 10. Smith alikuwa na 5. Akazichukua, lakini hakuondoka kabla ya kumweleza mnunuzi maana ya kila picha, zote 11, naye Smith akaandika. Baadaye Powers alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake.

Mfarishi huo sasa uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Wa pili, wenye picha 15, uko kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston; mojawapo ya picha zake ni ile mvua ya vimondo ya Novemba 1833, iliyotokea kabla yeye hajazaliwa na ambayo bila shaka aliisikia kwa wakubwa wake. Alishona na mingine, ila iliyobaki ni hiyo miwili. Kwa wale wanaoshikilia kwamba kazi ya cherehani si kazi, ule wa Biblia una mishono ya mkono na ya cherehani pia.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Powers alikuwa na kipaji cha pekee. Sawa. Twende basi Gee's Bend, kijiji kilicho ndani ya kona ya mto Alabama, ambako kipaji kilikuwa cha kijiji kizima na umaskini pia. Wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba lililokuwa mali ya Mark Pettway, na hadi leo jina Pettway ndilo limejaa huko. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, kuta zikibandikwa magazeti kuzuia upepo. Wanawake walishinda shambani, wakarudi kupika, na kilichobaki cha siku ndicho kilichokwenda kwenye mfarishi. Hawakuwa wakitafuta urembo kwanza. Watoto walihitaji kitu cha kujifunika kabla baridi haijaingia.

Kitambaa? Nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1942, Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Akachukua suruali na mashati aliyolimia marehemu, akayaunga kuwa mfarishi wa kumkumbukia na kulala chini yake, akisaidiwa na bintiye Arlonzia. Ukiitazama kwa karibu picha ya mfarishi wa namna hii unaona mambo ambayo duka la vitambaa haliuzi. Katika mmoja alioushona Lutisha Pettway karibu na mwaka 1950, miguu ya suruali za jinzi imesimamishwa sambamba: magotini bluu imepauka karibu kuwa nyeupe, na mahali palipobanduliwa mfuko pamebaki mraba wa bluu iliyokolea, kwa kuwa jua na sabuni havikuwahi kupafikia. Mshonaji angeweza kuificha miraba ile upande wa chini. Ameiacha juu, na ndiyo inayolivuta jicho kutoka safu moja hadi nyingine. Huo ni uamuzi wa msanii aliyeijua vizuri mali aliyonayo.

Kwa waliobanwa na muda, kijiji hicho kilikuwa na mtindo wa mistari mirefu mitupu yenye mishono michache, wenyewe wakiuita Msichana Mvivu. Unaumaliza haraka. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney, New York, na mwaka 2006 ikatokea kwenye stempu za posta za Marekani. Miaka thelathini kabla ya maonyesho ya Houston, mwaka 1972, ushirika wa washonaji wa eneo hilo ulipata tenda ya Sears ya kushona foronya za kodrai, na makombo ya kodrai yakabebwa nyumbani kuwa mifarishi. Baadhi ya kazi zinazosifiwa sana leo zimetokana na makombo hayo. Sisemi umaskini ni mwalimu mzuri. Waulize waliolala na baridi. Nasema tu kwamba ukosefu wa vitambaa haukumwondoa hata mmoja wao kwenye orodha ya washonaji.

Kuna fundisho jingine lililo karibu zaidi na pwani yetu. Huko Karnataka, India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Baadhi ya wahenga wao walichukuliwa na Wareno kutoka Msumbiji na kupelekwa Goa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa sari na nguo kuukuu. Hawaungi uso kwanza na kutia mshono wa tabaka baadaye. Bitana hutandazwa, kipande cha kwanza hukunjwa ukingo na kushonewa kwenye kona, cha pili hukilalia kidogo, na sindano huzunguka ukingo wote, ikirudi ndani duru baada ya duru hadi ikutane katikati. Kuunga na kushikiza hufanyika kwa mkupuo mmoja. Pembe nne hutiwa vipande vilivyokunjwa vya pembetatu, viitwavyo phula, na bila hivyo husema mfarishi uko uchi. Kazi hiyo haidai meza, pasi wala rula. Sindano, uzi, mkasi na mkeka vinatosha, na mtoto akilia unaikunja na kuiweka juu ya sanduku bila kupoteza mahali ulipofikia.

Nimekaa sana hapo kwa sababu tatizo la muda aghalabu ni tatizo la kuchagua njia. Anayepata dakika ishirini kati ya kuinjika maharage na kuyaongeza maji hawezi kufuata njia iliyobuniwa kwa mtu mwenye chumba cha kazi. Njia ya pembe sita nayo inamfaa: kata vipande vya pembe sita kwenye majalada ya daftari za zamani, vika kila kimoja kitambaa kwa mshono wa bandi, kisha viunge kingo kwa kingo kwa mkono, karatasi utaitoa mwishoni. Kazi nzima inaenea kwenye kopo, na dakika ishirini zinatosha vipande viwili vitatu.

Anayetumia cherehani naye apige hesabu kabla ya kukata tamaa. Chukua pande la sentimita 24, lenye vipande tisa vya sentimita 8 kila upande vikishaungwa. Mapande 56, saba kwa nane, yanakupa uso wa mita 1.68 kwa 1.92, kitanda cha mtu mmoja na zaidi. Pande moja kwa wiki ni mwaka mmoja na mwezi. Hesabu hiyo haimtishi aliyewahi kuchangia kikoba.

Usije ukadhani kwamba ninamgawia kila mtu cheo cha fundi kwa huruma. Kazi ina mizani yake, na bahati nzuri mizani hiyo haina bei. Kwenye hayo mapande ya vipande tisa-tisa, ukingo wa kushonea ni milimita 6, hivyo kila kipande kikatwe sentimita 9.2. Ukishona kwa milimita 7 badala ya 6, kila muungano unakula milimita 2. Upana wa mfarishi wetu una vipande 21, yaani miungano 20: umepoteza sentimita 4 nzima, na safu hiyo haitaoana na safu uliyoishona siku uliyokuwa makini. Dawa ni kubandika utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani, milimita 6 kutoka kwenye sindano, na kuuegemeza ukingo wa kitambaa hapo kila mara. Utepe ni bei ya andazi. Kwa mkono, jitahidi mishono ilingane urefu kabla ya kuhangaikia udogo wake. Mishono mikubwa iliyo sawa hupendeza na hudumu kuliko midogo inayoyumba.

Kuhusu vitambaa, mafundi wa mtaani hutupa vipande kila jioni, na shuka kuukuu la mitumba la pamba tupu ni bitana safi. Usichanganye fulana inayovutika na khaki, itakunjamana. Kipande chenye rangi kali kijaribu kwanza: kilowanishe, kikandamize kwa kitambaa cheupe, na kikiacha alama kifue peke yake hadi kikome kutoa rangi au kiache kabisa. Jinzi na khaki zitie sindano namba 100. Vitenge na poplini namba 80 inatosha. Kitambaa kinachochanika ukikivuta kwa vidole viwili kisikuhuzunishe kukitupa, kwani hakitafika mwaka.

Na aliyeshona mmoja tu maishani? Mwaka 1987 ulianzishwa Marekani mfarishi wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila pande likiwa futi 3 kwa 6. Siku ulipotandazwa kwa mara ya kwanza mjini Washington, Oktoba mwaka huo, ulikuwa na mapande 1,920, na tangu hapo umefikia makumi ya maelfu. Wengi walioyashona hawakuwa wameshika sindano kabla ya msiba wao. Nani atawaambia hawakushona?

Jambo la mwisho ni ombi, na nalitoa kwa uzito. Makumbusho yamejaa mifarishi ambayo kibao chake kinasema mshonaji hajulikani, kwa sababu mwenyewe aliona haya kuandika jina kwenye kitu alichokiita matambara. Ukimaliza wako, hata ukiwa wa mtoto mchanga, tia jina, mahali na mwaka kwenye kona ya bitana. Tumia uzi, usitumie kalamu ya kawaida: wino wake hautamaliza mwaka wa kufuliwa.