Mlo Mchanganyiko kwa Mbwa Wadogo Wenye Tumbo Linalochafuka Upesi

Mbwa mdogo, yaani yule ambaye akikomaa hazidi kilo 10, hula kidogo kwa jumla lakini hula kingi kwa kila kilo ya mwili wake. Ili kukadiria nishati anayotumia mbwa akiwa amepumzika, madaktari wa mifugo huchukua uzito wake kwa kilo, huupandisha kwa kipeo cha 0.75, kisha huzidisha kwa 70. Kwa hesabu hiyo mbwa wa kilo 4 hutumia takriban kilokalori 198 kwa siku, karibu 50 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 40 hutumia takriban 1,113, ambazo ni 28 tu kwa kila kilo. Hapo ndipo ulishaji wa Maltese, Chihuahua, Yorkshire Terrier, Shih Tzu na wenzao unapotofautiana na wa mbwa wakubwa. Kipande cha jibini cha gramu 30 kina takriban kilokalori 120. Kwa mbwa wa kilo 40 ni kionjo, lakini kwa mbwa wa kilo 4 ni zaidi ya theluthi ya chakula cha siku nzima. Katika mwili mdogo hakuna kosa dogo, na tumbo ndilo linalolipa kwanza.

Kuchafuka kwa tumbo si ugonjwa mmoja. Dalili zake ni kinyesi laini au cha majimaji, gesi, tumbo kunguruma, kutapika mara kwa mara na kususia chakula. Chanzo chaweza kuwa minyoo, vimelea vya Giardia, chakula kilichobadilishwa ghafla, mafuta kupita kiasi, mzio wa protini fulani, au maradhi ya utumbo na kongosho. Baadhi ya mbegu zina udhaifu unaojulikana: Miniature Schnauzer huelekea kuwa na mafuta mengi katika damu na kupatwa na kuvimba kwa kongosho, na Yorkshire Terrier wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi yanayofanya protini ya mwili ivujie utumboni. Kwa sababu hiyo kipimo cha kinyesi na uchunguzi wa daktari hutangulia mabadiliko ya mlo. Chakula bora hakiui minyoo.

Mlo mchanganyiko una sura mbili. Ya kwanza ni kuunganisha chakula kikavu cha punje na chakula cha kopo. Chakula kikavu huwa na maji takriban asilimia 10, hupimika kwa urahisi na hukaa katika bakuli bila kuharibika upesi. Cha kopo huwa na maji asilimia 75 hadi 80, hulainika mdomoni, hunukia zaidi na humwongezea maji mbwa asiyependa kunywa. Sura ya pili ni kuchanganya chakula cha kiwandani na kilichopikwa nyumbani, kama minofu ya kuku na wali. Sura hizi mbili hazina usalama sawa. Vyakula viwili ambavyo kila kimoja ni kamili vyaweza kuchanganywa kwa kiwango chochote bila kuvuruga uwiano wa virutubisho. Chakula kamili kikichanganywa na kisicho kamili, kila kijiko cha hicho kisicho kamili hupunguza ubora wa kilicho kamili.

Ukamilifu huo husomwa kwenye kifungashio. Chakula kamili hueleza kwamba kinakidhi viwango vya lishe vya AAFCO ya Marekani au FEDIAF ya Ulaya, na hutaja umri kinaoufaa. Baadhi ya makopo, hasa yale yenye vipande vitupu vya nyama, ni ya nyongeza tu na hayatoshi kumlisha mbwa siku hadi siku.

Jambo la pili la kusomwa ni mafuta, na hapa tarakimu hupotosha. Kopo lenye mafuta asilimia 5 na maji asilimia 78 lina asilimia 22 tu ya chakula chenyewe. 5 ikigawanywa kwa 22, mafuta hufika karibu asilimia 23. Mfuko wa punje wenye mafuta asilimia 12 na maji asilimia 10 hutoa asilimia 13 kwa hesabu hiyohiyo. Kopo lililoonekana jepesi ndilo lenye mafuta mengi zaidi. Kwa mbwa ambaye kongosho lake limewahi kuvimba, hesabu hii yaweza kumwepusha na kulazwa.

Kwa upande wa viambato, uchache ni faida. Protini ikitoka kwa mnyama mmoja, ama kuku, ama samaki, ama sungura, ni rahisi kujua kilicholeta shida. Protini zinazotajwa sana katika mizio ya chakula ya mbwa ni za nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Mbwa anayeshukiwa kuwa na mzio hupewa protini ambayo hajawahi kuila, au iliyovunjwavunjwa kiwandani, kwa muda wa wiki 8 hivi bila kuonjeshwa kitu kingine. Kisha chakula cha zamani hurudishwa ili kuona kama dalili zitarudi. Hicho ndicho kipimo kinachoaminika. Katika kipindi hicho hata kipande kimoja cha mkate chaweza kuharibu jibu.

Wanga uliopikwa vizuri si adui wa mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya AMY2B, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, kuliko mbwa mwitu. Wali, viazi na ugali vilivyoiva humeng'enyeka. Tatizo la ugali wa dagaa, mlo wa mbwa wengi wa Afrika Mashariki, ni kwamba peke yake haufikii uwiano wa vitamini na madini anaouhitaji mbwa, na dagaa wakavu mara nyingi huja na mchanga na chumvi. Tena unga wa mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Sumu hiyo huharibu pia ini la mbwa, na mbwa mdogo, anayekula zaidi kwa kila kilo, huimeza zaidi kwa kila kilo. Unga usiofaa mezani haufai bakulini.

Chakula cha nyumbani kina mipaka yake. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mwili wa mbwa huhitaji kalsiamu walau sawa na fosforasi. Ikipungua, mwili huichota mifupani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa waliokomaa, na 190 kati yake yalipungukiwa na walau kirutubisho kimoja muhimu. Kwa hiyo vyakula visivyo kamili, pamoja na vitafunwa vyote, havipaswi kuzidi asilimia 10 ya kalori za siku. Mlo wa nyumbani unaozidi kiwango hicho huhitaji kupangwa na daktari mwenye ujuzi wa lishe.

Mfano wa mbwa wa kilo 4 aliyehasiwa huonyesha vipimo vyenyewe. Mahitaji yake ya siku ni zile 198 za mapumziko mara 1.6, kizidishio cha mbwa aliyekomaa na kuhasiwa, yaani takriban kilokalori 317. Punje zenye kilokalori 360 kwa gramu 100 na kopo lenye 90 kwa gramu 100 hutosheleza mahitaji hayo kwa gramu 60 za punje na gramu 110 za kopo. Vikitakiwa vitafunwa, nafasi yao ni kilokalori 32, sawa na gramu 19 hivi za minofu ya kuku iliyochemshwa bila ngozi, nazo hutolewa katika hesabu ya bakuli. Kikombe hakiaminiki kwa viwango vidogo hivi. Mizani ya jikoni ndiyo inayofaa. Chakula hugawanywa mara tatu kwa siku ili tumbo lisizidiwe. Katika joto la pwani, chakula cha kopo kilichobaki bakulini huondolewa baada ya saa moja hivi. Punje zinazouzwa kwa kupimwa kutoka gunia lililo wazi ni za kuepukwa, kwani mafuta yake huchacha na tarehe yake haijulikani.

Mabadiliko hufanywa polepole. Robo ya chakula kipya huchanganywa na robo tatu za cha zamani kwa siku mbili au tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu kwa robo, hadi cha zamani kiishe baada ya siku 7 hadi 10. Tumbo linalochafuka upesi huongezewa muda hadi siku 14. Kinyesi kikilainika, hatua iliyotangulia hurudiwa.

Baadhi ya vyakula havina kipimo salama cha kufanyia majaribio. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, jambo linalofanya pilau na mabaki ya mchuzi yasifae. Zabibu huweza kuua figo, chokoleti huathiri moyo na neva, na zailitoli, sukari ya baadhi ya bazoka, hushusha sukari ya damu kwa ghafla. Makadamia huleta udhaifu na kutetemeka. Mifupa iliyopikwa huvunjika na kuchoma utumbo. Maziwa huharisha mbwa wengi waliokomaa kwa sababu kimeng'enya cha kuvunja laktosi hupungua baada ya kuachishwa kunyonya.

Mlo uliofaa hujulikana kwa kinyesi kilichoshikana, manyoya yanayong'aa na uzito usioyumba. Kupima uzito kila mwezi hutosha. Damu kwenye kinyesi, kutapika kunakorudiarudia, ulegevu au kuharisha kunakozidi siku moja ni sababu ya kwenda kwa daktari, kwa kuwa mwili mdogo huishiwa maji upesi. Kitoto cha mbwa wa mbegu ndogo hakifungishwi chakula ili kupumzisha tumbo: akiba yake ya sukari ni ndogo, na saa chache za njaa zaweza kukiangusha kabla ya kuharisha kwenyewe.