Kutenganisha Taka Kuanzie Ofisini

Taka za Mji Mkongwe na maeneo jirani hupelekwa katika jaa la Kibele, Wilaya ya Kati. Miongoni mwake zimo karatasi za maofisini ambazo zingeweza kutumika tena.

Kinachoziharibu ni kuchanganywa. Karatasi kavu hulowekwa, hupondwa na kutengenezwa upya; iliyoingia mafuta ya sambusa haifai tena kwa kazi hiyo. Ndiyo maana utenganishaji huanza mezani kwa mtumishi, wala haungoji jaani. Ofisi huhitaji vyombo vitatu: cha karatasi kavu, cha chupa na makopo, na cha mabaki ya chakula, ambayo hugeuzwa mbolea. Nyaraka zenye taarifa za wananchi hukatwakatwa kwanza ili siri zao zihifadhike.

Kwa Unguja jambo hili ni zito. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, unaopitisha mvua upesi hadi chini ya ardhi, na maji ya huko ndiyo yanayovutwa visimani kwa kunywa. Taka zinazooza zikinyeshewa hutoa maji machafu yanayoweza kufuata njia hiyo hiyo.

Mwananchi afikaye ofisini naye ana sehemu yake: chupa tupu aitie katika chombo chake, na aulize taka zilizotenganishwa huchukuliwaje. Vyombo vitatu vikimwagwa katika gari moja bila kutengwa, kazi yote imepotea.