Mpenda Motokaa na Gari la Umeme

Wako watu wapendao motokaa kama wengine wapendavyo ng'ombe. Mtu wa namna hiyo hulijua gari kwa mlio wake kabla hajaliona. Jumapili huvaa nguo chakavu, akafungua boneti, akasafisha plagi na kubadili oili, na jioni huingia ndani mwenye furaha na mikono myeusi. Ukimshauri anunue gari la umeme atakujibu kwamba hiyo si motokaa, ni kitu cha kuchezea watoto. Je, asema kweli? Na ikiwa ana mke na watoto wa kusomesha, fedha ya nyumbani iende wapi? Na tulipime jambo hili kwa hesabu, wala si kwa ushabiki.

Kwanza yafaa tujue kwamba gari la umeme si jambo jipya. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, aliendesha karibu na Paris gari la umeme lililopita kilometa 100 kwa saa. Hapakuwa na motokaa yo yote iliyopata kufikia mwendo huo kabla yake. Baadaye petroli ilishinda, kwa kuwa betri za siku hizo zilikuwa nzito na ziliisha upesi. Betri za lithiamu ndizo zilizolirudisha gari la umeme barabarani, na mwaka 2019 wataalamu watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya betri hizo.

PETROLI HUENDA WAPI?

Tutwae mfano wa gari la familia linalojulikana, Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40. Uniti hizo ni zile zile za LUKU. Kwa mwendo wa kawaida uniti 1 hulipeleka kama kilometa 6, basi betri iliyojaa hulipeleka kama kilometa 240. Gari la petroli la ukubwa huo, likienda kilometa 12 kwa lita, litakunywa lita 20 kwa safari hiyo hiyo.

Sasa angalieni vema. Lita 1 ya petroli ina nguvu ipatayo uniti 9, kwa hiyo lita 20 zina uniti 180. Safari ni moja, lakini gari moja limetumia uniti 40 na jingine 180. Zile 140 zimekwenda wapi? Zimekuwa joto. Injini huchoma petroli, na sehemu kubwa ya moto huo hupotea bure kwa njia ya rejeta na ekzosi. Mota ya umeme haichomi kitu, na nguvu nyingi iliyopewa hufika kwenye magurudumu.

Kila mwanafunzi aweza kuwafanyia wazazi wake hesabu hii. Zidisha uniti 40 kwa bei iliyo katika risiti ya LUKU, ukaongeze kidogo, maana umeme kiasi hupotea wakati wa kujaza. Kisha zidisha lita 20 kwa bei ya petroli ya mwezi huu. Weka majibu mawili mezani.

ATAPOTEZA NINI, ATAPATA NINI?

Mpenda motokaa atapoteza mlio, klachi, gia, na ile kazi yake ya Jumapili. Hakuna plagi, hakuna oili ya injini, hakuna ekzosi. Zitabaki breki, shokapu na matairi.

Lakini atapata jambo ambalo hakulitazamia. Injini ya petroli haitoi nguvu zake zote mpaka izunguke kwa kasi, bali mota ya umeme hutoa msukumo wake mkubwa tangu gari lianzapo kuondoka. Tena kuna mteremko. Dereva ateremkaye Kitonga kwa gari la petroli huingiza gia ndogo ili injini ilizuie gari, asiunguze breki. Katika gari la umeme mota hugeuka kuwa dinamo: hulizuia gari na papo hapo hurudisha umeme katika betri. Hata hivyo betri iliyojaa kabisa haiwezi kupokea zaidi, basi breki lazima ziwe nzima.

KUJAZA NA KUSAFIRI

Soketi ya nyumbani ya volti 230, ikitoa ampea 10, hutoa wati 2,300. Betri tupu ya uniti 40 itahitaji zaidi ya saa 17 kujaa. Twaweza kudhani kwamba jambo hili haliwezekani, lakini mzazi akaaye Mbezi na kufanya kazi Posta huenda kama kilometa 40 tu kwa siku. Hizo ni uniti 7 hivi, yaani saa 3 za usiku, watu wakiwa wamelala.

Taabu ni safari ya Krismasi. Kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa ni kama kilometa 500, na vituo vya kujaza upesi njiani bado ni vichache. Kwa safari kama hiyo familia itapanda basi au itakodi gari, na gharama hiyo lazima iingie katika hesabu. Waendao Morogoro au Dodoma wanayo treni ya umeme tangu mwaka 2024.

MAMBO YA KUANGALIA

Anunuaye Leaf iliyotumika asitazame rangi, atazame betri. Katika dashibodi kuna vipande vidogo 12 vionyeshavyo uzima wake. Vikipungua, na kilometa zimepungua. Betri hiyo hupozwa kwa hewa tu, na joto ni adui yake: mwaka 2012 wenye magari hayo katika mji wa joto wa Phoenix, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zachakaa upesi. Basi liegeshwe kivulini, wala lisikae siku nyingi betri ikiwa imejaa pomoni.

Tena, wanafunzi, nyaya za rangi ya machungwa chini ya boneti hubeba volti zaidi ya 300. Umeme huo huua. Asiyefundishwa asiziguse.

Mpenda motokaa, basi, asikatae kabla ya kupima. Akiwa na soketi nyumbani na safari fupi za kila siku, hesabu itamwelekea. Akiwa mtu wa safari ndefu za bara, asubiri vituo viongezeke. Na ninyi mtakao kuwa mafundi, jifunzeni somo la umeme kwa bidii, maana magari haya yatakapoharibika, yatatafuta fundi ajuaye volti na ampea kama baba zenu walivyojua plagi na kabureta.