Nyimbo za Ujanani na Mgonjwa wa Dimensia

Mzee aliyesahau jina la mwanawe huweza kuuimba wimbo wa ujanani mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hili, linalozistaajabisha familia za Temeke na Kinondoni, lina sababu ya kitabibu. Dimensia aghalabu hudhoofisha mapema uwezo wa ubongo wa kuhifadhi matukio mapya. Kumbukumbu za nyimbo zilizosikika mara nyingi hukawia kupotea. Zinazodumu zaidi kwa kawaida ni zile zilizopendwa kati ya umri wa miaka 10 na 30.

Hivyo, mhudumu aulize kwanza mgonjwa alizaliwa lini na alikulia wapi. Aliyezaliwa mwaka 1955 alikuwa kijana wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ikirusha muziki wa dansi wa Mbaraka Mwinshehe na, baada ya 1978, wa Mlimani Park Orchestra. Mwingine alilelewa kwa taarabu, kaswida au kwaya. Wimbo ufaao ni aupendao mgonjwa, si aupendao anayemuuguza.

Upigwe kwa sauti ya wastani, televisheni ikiwa imezimwa, hasa kabla ya kuoga au kula, nyakati ambazo wagonjwa wengi huhangaika. Machozi machache si hatari. Lakini akionyesha kuteseka, wimbo uzimwe.

Muziki hutuliza, hauponyi dimensia wala hauchukui nafasi ya dawa. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe kituo cha afya upesi: huenda ni maambukizi, malaria au kushuka kwa sukari katika damu.